Mrututu Juu ya Bati

Jumatatu, 7 Novemba 1977

Form Three wamechoma mrututu tena. Ni ile chumvi ya buluu ambayo wakulima wa kahawa hapa Mbooni hunyunyizia mibuni. Niliomba mkebe mmoja kwa shemeji yangu, maana shule yetu ya wasichana ni ya harambee, ya michango ya wazazi tu, na haina kitu. Ukiichoma, matone ya maji yanajikusanya mdomoni mwa testitubu na chumvi inabaki nyeupe. Ukiirudishia maji, buluu inarudi na testitubu inapata moto yenyewe. Mwanafunzi wangu Mwende alikuwa ameishika. Akapiga kelele, darasa zima likacheka. Na mimi pia.

Jumatano, 9 Novemba

Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiridhika na majaribio yetu, wasichana watafanya mtihani wa kemia mwakani. Asiporidhika, basi. Mwende anataka unesi, na bila kemia hawamtaki. Kamati ya shule haijali. Kwao kemia ni ya wavulana. Wajinga wakubwa.

Mvua. Paa la stoo limevuja, mrututu umelowa kidogo. Si kitu. Nitauanika kesho.

Alhamisi, 10 Novemba

Nilitoka mapema kwenda Kikima kutafuta spiriti ya kuchomea. Nimerudi jioni nikakuta msiba.

Bwana Musyoka, mwalimu mkuu, aliona chumvi imelowa akataka kuniokolea. Akaitandaza juu ya bati, akawasha kuni chini, vile tunavyokausha mahindi yakinyeshewa. Ikawa nyeupe.

“Mwalimu, hiyo dawa iliungua ikakuwa majivu,” ameniambia. “Nikaona itakuaibisha mbele ya mgeni. Nikamwaga kwa choo.”

Kwa choo! Kikombe kimoja cha maji kingetosha. Hajawahi kukanyaga darasa langu hata siku moja. Namchukia. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alitaka kunisaidia.

Shemeji amemaliza wake. Sina mwingine wa kumwomba.

Ijumaa, 11 Novemba

Nilikuwa nimebaki na unga wa kijani kidogo, kaboneti ya shaba. Mwende aliuchoma mbele ya mkaguzi. Ukawa mweusi. Huo ukishageuka haurudi, hata uumwagie mto mzima. Alieleza vizuri.

Mkaguzi akaomba jaribio la pili. Sikuwa nalo. Akasema labda Form Two ndio watakaofanya mtihani, wakipata vifaa. Form Three wameshachelewa.

Bwana Musyoka alimsindikiza hadi kwa gari akicheka naye. Mimi nimeosha vyombo.

Jumamosi. Hasira tu.

Jumanne, 15 Novemba

Vipindi vya kemia vya Form Three vimekuwa vya sayansi kimu. Nimepewa mimi. Nimekubali, nahitaji kazi.

Leo tumejifunza kupiga pasi. Mwende ameunguza kola ya shati. Sikumgombeza.