Magamba Yako, Mama

Mama yangu uliyetutangulia,

Leo nimeanika ndakala, samaki wetu wadogo, pale pale pako, kando ya ziwa. Nilivua kandambili kabla ya kukanyaga nyavu, kama ulivyotufundisha, nikakukumbuka mpaka machozi yakanitoka.

Unakumbuka ulivyokuwa unajicheka? Viwiko na magoti yako yalibanduka magamba meupe tangu ujana, na munganga wa hospitali alishakuambia ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Jioni ulijipaka mafuta ya mawese. Wateja wakikutazama kwa wasiwasi, unawaambia, "Musiogope! Muuza samaki naye akose magamba?" Soko zima linacheka.

Halafu ikaja ile alama chini ya muguu. "Hii njo ile ile yangu," ukasema, "imeshuka tu chini." Tukaamini sote. Nani angebisha? Soriasisi ulikuwa umeishi nayo miaka yote hiyo. Ukaipaka mawese nayo. Lakini haikuwa na magamba, Mama. Ilikuwa moja tu, nyeusi, na kingo zake zilikuwa zinatambaa. Ilipoanza kutoa damu, tukalaumu chumvi na mchanga wa moto. Waganga wa hospitali walipokuja kukata kipande cha ngozi na kukipima, kansere ilikuwa imeshapanda hadi kwenye kinena.

"Kumbe ile ya zamani ilinidanganya?" ukaniuliza. Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikia. Mvua zilipokwisha niliona doa kwenye wayo wangu, gumu, linapasuka. Ee Mungu wangu! Nilitazama watoto wakila, nikawaza nani atawalea. Mawese sikuyagusa, nilikwenda hospitali moja kwa moja. Munganga akageuza muguu wangu huku na huku, akasema soriasisi nayo ina sura nyingi, macho peke yake yanaweza kukosea. Akakata kipande, kikapelekwa Lubumbashi. Kungoja kule, Mama, nisingemtakia hata adui.

Majibu yamefika jana. "Mama, hii njo soriasisi tu," munganga akaniambia. Akashangaa kuniona nalia kwa sauti kama niko kwenye kilio.

Ni yako, Mama. Si ile iliyokuchukua. Ni ile ya viwiko, ile tuliyokuwa tunaicheka. Jana jioni nimejipaka mawese, na mutoto wangu mudogo akaniuliza, "Mama, mbona unanukia kama bibi?"

Pumzika, Mama. Magamba yako ninayo mimi.

Binti yako, muuza samaki