Gazeti Lilipoishia

Mama yangu kipenzi,

Wamenipa kazi shuleni! Ya kudumu, mama, si ile ya kusaini mkataba upya kila muhula. Ungekuwepo ningekupigia vigelegele hadi wateja wako wakimbie. Lakini tulikuzika mwaka juzi, basi nakuandikia, maana somo lililonipa kazi hii, aliyelifundisha ni wewe.

Unakumbuka kabati lako pale sokoni Warwick? Humo ulifungia vipande vya katoni vya kukatia kila nguo uliyojua kushona, na ufunguo ukauvaa shingoni pamoja na msalaba wako. "Katoni haitoke mu kabati," ulisema. "Ikipotea, na siye tumepotea." Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuchora nakala: nalaza katoni juu ya gazeti, napitisha kalamu pembeni, nakata, nampelekea Papa Deo kwenye cherehani kibarazani. Fundi huyo hakuwahi kuiona katoni hata moja. "Miye nashona yenye iko ku gazeti," alijigamba, na kweli hakuuliza swali.

Ndipo yakaja majoho ishirini ya kwaya ya akina mama wa Isipingo. Mkono wa joho ulikuwa mrefu kuliko gazeti. Ulinionyesha mara ngapi kuunganisha kurasa mbili kwa gundi! Mimi, miaka kumi na minne, mvivu wa kutupwa, gazeti lilipoishia na mkono nikaukomesha hapo hapo. Papa Deo akashona yote ishirini, mikono ikaishia viwikoni. Nilijificha nyuma ya majora ya vitambaa nikingoja kipigo. Ukainua joho moja, ukaligeuza, ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Eish, Riziki! Basi wataimba na viwiko inje!"

Wakaimba, wakapiga makofi kwa raha, na mwezi haukuisha kwaya nyingine zikaja kutaka "mikono ya Isipingo." Ukakata katoni mpya ya mkono mfupi, ukaiweka kabatini kando ya ile ya zamani.

Basi Jumanne nilifundisha mbele ya mwalimu mkuu somo la kuamua kama nabaki au naondoka: jinsi jeni zinavyozaa protini. Nilianza kwa maneno ya kitabu. Dakika tano tu, darasa zima macho yamelegea, na mwalimu mkuu anaandika, anaandika. Nilijiona niko barabarani natafuta kazi. Nikafunga kitabu, nikaomba gazeti na mkasi.

Nikawaambia DNA ni katoni ya mama, haitoki kwenye kiini cha seli. Seli huchora nakala ya jeni inayohitajiwa, nayo ndiyo RNA, hiyo ndiyo inayotoka nje. Huko iko ribosomu, Papa Deo mwenyewe. Inasoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinaita asidi amino moja, kama yeye alivyoita, "Leta kola! Leta mufuko!" Zinaungwa moja baada ya nyingine, mnyororo unajikunja ukapata umbo lake, na protini iko tayari. Kila seli ina kabati zima, ila ya ngozi haifungui katoni za jicho, kama wewe msimu wa kwaya ulivyokuwa hugusi suti.

Nikawasimulia na majoho. Walicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Msichana mmoja akauliza, "Eish, Mam, kosa la gazeti na kosa la katoni, lipi baya zaidi?" Kalamu ya mwalimu mkuu ikatulia. Gazeti hutupwa likachorwa jingine, nikamjibu, lakini katoni ikiharibika, kila nakala itatoka na kasoro ile ile.

"Na kosa la gazeti haliwezi kurudi kabatini?"

Seli yenyewe haiwezi, nikasema. Mama yangu aliweza.

Ijumaa wakaniita kunipa barua. Jana nikafungua kabati lako, sasa liko kwangu Overport, nichukue zile katoni mbili nikawaonyeshe. Nakala zote ulizitupa kazi ilipoisha, au ndivyo nilivyodhani. Nyuma kabisa nikakuta gazeti limekuwa la manjano, limekunjwa mara nne: mkono mfupi, mistari yangu iliyopinda. Pembeni umeandika, "Ya Riziki. Musitupe."

Nimelia, mama, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini kama wewe. Nimelirudisha pale pale ulipoliweka. Pumzika, ufunguo ninao shingoni.

Mwanao wa mikono mifupi,
Riziki