Kromu na Nailoni Yake

Shoga, nanuka moshi mpaka nywele. Kisa? Shemeji yako.

Si kile kifuniko kipya cha kromu cha bomba la moshi la pikipiki? Kakifunga mwenyewe, sebuleni, eti fundi atakikwaruza. Nikamwambia bandua hiyo nailoni ya dukani. Akanijibu nailoni ndiyo upya wenyewe.

Mama yake akaja kukiona. Mwanaume kawasha pikipiki. Sebuleni. Nasema sebuleni, shoga.

Nailoni ikayeyukia kwenye kromu, moshi ukajaa, tukakimbilia uani tunakohoa.

Nikasubiri mama mkwe amfokee mwanawe. Mama mkwe yule yule aliyetukataza kutoa nailoni ya makochi tangu harusi.

Akafuta macho taratibu. "Afadhali nailoni imeungua. Isingekuwepo, si ingeungua kromu?"