Fundo la Kanga ya Mama

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Lambo tena. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, ndoo kichwani. Kwetu Dindira maji yalipita nyuma ya jiko. Hapa Kwedizinga mke mdogo wa baba anayapima kwa kikombe kama dawa. Jana nilimwaga uani maji tuliyonawia. Kumbe ni ya mbuzi. Ningejuaje?

Baba anataka nimwite mama. Sitaki. Mama tumemzika mwezi wa sita. Asubuhi nasema "shikamoo" tupu, basi.

Jumatano, 4 Septemba

Ugali na mlenda. Nimekula.

Nalala na kanga ya mama. Kwenye pindo kuna fundo, alilifunga mwenyewe kabla hajaugua. Ndani kuna vitu vigumu. Sijui ni nini na sifungui. Aliyekaza ni yeye. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimetoka shule nimeikuta kanga kwenye kamba. Imefuliwa. Fundo halipo.

"Ilikuwa na vumbi la safari, mwanangu," mke mdogo akasema. Akanionyesha kikopo. Maharage ya mbegu, saba. Mama alikuwa ameyaweka angoje mvua.

Nikampigia kelele kwamba yeye si mama yangu. Kikopo nikakipiga teke, mbegu zikatawanyika uani. Sikula. Namchukia. Mama hawezi kulifunga tena lile fundo.

Jumamosi, 7 Septemba

Shamba la kijiji, kung'oa visiki. Jirani yetu, Mama Hadija, akaniuliza kama kanga yangu imetakata. Jana mama yako mdogo alikwenda lambo mara mbili, akasema. Ndoo ya pili yote aliifulia kanga hiyo. Nilidhani ananitania. Mke mdogo kanga zake mwenyewe anazifua kwa maji ya kuoshea vyombo, nimemwona.

Nimeona aibu. Hasira nayo haijaisha.

Jioni nimepekua uani kwa mikono. Nimepata mbegu nne. Kuku wa hapa hawachagui chakula.

Jumapili, 8 Septemba

Mke mdogo aliniona napekua tena. Akafungua pindo la kanga yake mwenyewe. Tatu. Aliziokota Ijumaa ile ile nilipokimbilia ndani, akazifunga zisiliwe na kuku. Siku mbili amepika nazo, amelima nazo, amebeba maji nazo.

Hakunisema. Bora angenisema.

Jumanne, 10 Septemba

Niliamka kabla ya kuamshwa. Nikampelekea kanga na mbegu zote saba.

"Shikamoo, mama mdogo. Nifungie."

"Marahaba. Mpaka mvua?"

"Mpaka mvua."

Akafunga, akakaza kwa meno. Mama alikuwa hatumii meno. Nikajifunga kanga yangu, tukachukua ndoo.