Mdogo Wangu Anayenifuata

Vårby gård, Stockholm

Kwako mdogo wangu Rehema,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Mgongo wako na hicho cherehani vinaelewanaje? Miguu ya Mama haijavimba tena? Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza kutung'ata masikio, na mimi bado nasafisha ile kliniki ya vijana niliyokueleza, ambako wasichana wa umri wa Furaha wako huingia wenyewe na kuzungumza na muuguzi, mlango umefungwa. Hakuna anayewapapasa tumbo. Kila nikipiga deki pale nakukumbuka.

Ndipo lilipoanzia kosa langu. Tuna kikundi cha wanawake, tunakutana Jakobsberg kwenye ukumbi wa kanisa: Warundi, Wakongo, Wakenya, na sisi Watanzania tunaojiona ndio wenye Kiswahili. Tunaandika maelezo ya kupeleka kwa kamati ya bunge huko nyumbani, tukiomba sheria yenyewe itamke kwamba binti aliyejifungua anarudi darasani, isiwe waraka tu ambao mwalimu mkuu anaweza kuukunja akautia mfukoni. Na kwamba watoto wafundishwe habari za uzazi kabla mimba haijawafundisha. Mwenyekiti wetu, mama mmoja Mrundi, akasema maelezo yasiyo na mtu ndani yake hayamgusi mbunge. Mama wa Kikongo akanigeukia: "Toa témoignage, mama. Utuambie ile uliona na macho yako."

Nikasimama. Jina lako sikulitaja, naapa. Nilisema "mdogo wangu", nikijua kwamba kwetu kila msichana ni mdogo wangu, hakuna atakayeuliza ni nani. Halafu utamu wa kusikilizwa ukanipanda kichwani, wengine wakawa wanafuta machozi, nikaongeza neno moja: "anayenifuata." Wadogo zangu ni wengi, Rehema, lakini anayenifuata ni mmoja tu. Kumbe mtu alikuwa anarekodi. Wiki haikwisha, video ikawa imefika Kasulu kwenye simu za wanafunzi wenzake Furaha, nao wakampa jina la Mtoto wa Getini, kwa sababu nilisimulia sanduku lako lilivyowekwa nje ya geti la shule.

Sauti uliyonitumia ilikuwa na maneno mawili. "Dada, ungeniuliza." Nimeisikiliza kwenye treni, nimeisikiliza nikiwa na ndoo mkononi. Afadhali ungenitukana. Nimeona aibu, na sina wa kumsingizia.

Ila linaloninyima raha zaidi ni jingine. Pale ukumbini nilieleza ulivyoitwa ofisini, matroni akakupapasa, Mama akaja kukuchukua akiwa amejifunika kanga hadi usoni. Wakaniuliza shule ilijuaje. Nikasema sijui.

Nilijua. Nilikuwa kiranja wa bweni. Matroni aliniuliza kama kuna binti ambaye vitambaa vyake havionekani kwenye kamba, nami nikamjibu kwamba vyako sijaviona huu mwezi wa pili. Nilidhani atakupeleka zahanati. Na niseme yote: nilipenda pia kuonekana kiranja anayejua kazi yake. Mimi nikamaliza kidato cha nne, nikaendelea, nikafika huku. Wewe uliyekuwa unanishinda hesabu ukapelekwa kujifunza kushona. Miaka yote hii umekuwa ukimlaumu yule rafiki yako wa kitanda cha juu, nami nikakuacha umlaumu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni habari zako nilizoiandikia kamati. Haijaenda, na haiendi mpaka wewe useme. Ukitaka, ichane. Ya pili ni habari zangu, jinsi kiranja alivyomtoa mwenzake shuleni. Humo nimeandika "mwanafunzi mwenzangu" na basi. Hiyo nitaitia sahihi hata usiponijibu.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii ukiona inafaa. Nisalimie shemeji na uvumilivu wake. Furaha mwambie mama yake mkubwa ndiye mwenye kosa, yeye na mama yake hawana, na asiache shule kwa ajili ya jina la kupachikwa. Na yule wa kitanda cha juu, ukikutana naye sokoni, msalimie kwanza wewe.

Ni mimi dada yako, niliyekuchongea,

Consolata