Hina juu ya kovu la Mishi

Ghada, mwenzio hebu sikia haya!

Mishi, huyu tunayekaa naye chumba kimoja hapa Karama, leo nimempaka hina ya Idi hadi juu ya lile kovu la mkononi. Lile alilochomwa na shangazi yake kwa kijiko cha moto, utotoni, kwa sababu ya andazi moja. Siku zote hulificha. Leo akalipiga picha, akaituma kwenye grupu la ukoo.

Shangazi akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mkono wa mwizi hata ukipakwa hina ni wa mwizi."

Wa mwizi, Ghada! Binamu zake wakamwaga vicheko.

Nikadhani ataenda kuiosha hina. Akarekodi: "Shangazi, nilikuwa na njaa." Basi.

Kisha akaninyooshea mkono wa pili. "Na huu, Mama Ikhlas. Hadi kiwikoni."