Alichosema Struan Kuhusu Viazi

Balgarvie, Angus
3 Aprili 2020

Mwanangu Struan,

Natumai u mzima huko London na hiyo korona haijakugusa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanionea kila baridi ikizidi.

Simu hainogi, ndiyo maana naandika. Barua naweza kuwaonyesha watu. Jana kwenye foleni ya bucha nilimwambia mke wa mchungaji kwamba serikali ikitaka kuzungumza biashara na Ulaya, inamwita kwanza mtoto wa Ishbel. Akasema, "Ishbel, hata mawaziri hawajisifu hivyo." Nikamwambia, hawana mtoto kama wangu.

Sasa, baba yako mdogo Wattie ana swali. Tangu tutoke kwenye Umoja wa Ulaya hajui apande kiasi gani cha viazi vya mbegu, vile ambavyo wakulima wa Ulaya hununua wakapande kwao. Ile aina nyekundu wanaoitaka ni Wahispania, hapa haina mteja. Na kupanda ni mwezi huu. Uliza hapo mezani: mwakani Ulaya watanunua au hawatanunua?

Kula vizuri.

Mama yako


London
14 Aprili 2020

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nafanyia kazi chumbani kama wengine wote. Pole kwa goti. Lifunge kitambaa cha sufu, usilidharau.

Mama, mimi sikai mezani. Nawapangia karatasi wanaokaa mezani, na siku hizi hata wao wanaonana kwenye kompyuta tu. Nakuomba usinitangaze tena buchani.

Kuhusu mbegu za viazi: sijui. Hakuna aliyeahidi lolote. Mwambie baba mdogo asitegemee Ulaya. Apande nusu, kwingine aweke shayiri. Mwambie hivyo hivyo, tafadhali. Tangu baba afariki yeye ndiye aliyenilea, sitaki aumie.

Mwanao


Balgarvie
20 Mei 2020

Mwanangu,

Salamu nyingi, goti limepoa. Barua yako nilimsomea Wattie getini, yeye ndani mimi nje, kama tunavyoamriwa siku hizi. Walikuwepo na wakulima wenzake wawili. Wamefurahi sana. Wattie amepanda viazi mashamba yote, hata lile la shayiri.

Usijisumbue kujibu, najua una kazi nyingi.

Mama yako


London
11 Januari 2021

Mama,

Shikamoo. Natumai mwaka umekuanzia vizuri.

Umeshasikia. Mkataba umetiwa saini na mbegu zetu za viazi hazimo. Halivuki hata gunia moja.

Jana nimepata barua ya baba mdogo. Anasema ghala limejaa hadi mlangoni. Halafu anasema nisijilaumu, kila mtu hukosea, amenisamehe. Nimeisoma mara nne. Amenisamehe nini? Mimi niliandika apande nusu.

Mama, ulimsomea nini?

Struan


Balgarvie
4 Februari 2021

Mwanangu Struan,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Siku ile getini nilifika pale ulipoandika "sijui". Wote watatu wananitazama, na mmoja anatabasamu kama mtu anayesubiri nijikwae. Nikasema, "Anasema pandeni, Ulaya watanunua." Wattie akasema, "Soma tena hapo, shemeji." Nikasoma tena, karatasi iko mkononi, maneno hayapo.

Baada ya hapo kila siku nilisema nitamwambia kesho. Wakati wa mavuno nilikuwa naye nikichambua viazi, nikijiambia wakubwa wataelewana tu.

Jumatatu nilimpelekea barua yako ile ya Aprili. Alivaa miwani akaisoma mwenyewe mpaka mwisho. Akauliza, "Na mimi nimemwandikia kijana kwamba nimemsamehe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Umenifanya nimtukane mtoto wa kaka yangu, Ishbel." Akatoka akaniacha jikoni kwake. Miaka thelathini na tano ameniita shemeji, siku hiyo ameniita Ishbel.

Wale wenzake wawili nao nimewaambia. Buchani pia nimesema, foleni nzima ikisikia, kwamba wewe ulionya na mimi ndiye niliyedanganya. Mke wa mchungaji alisogea nipite mbele yake. Sikupita.

Viazi wanalishwa ng'ombe. Kila asubuhi naenda kwa Wattie kukata magunia. Hajaniambia nije, hajaniambia nisije. Tunafanya kazi, yeye upande ule, mimi upande huu. Jana aliona naburuta mguu, akanisukumia ndoo iliyopinduliwa nikae. Nilikaa kidogo nikaendelea.

Nilitaka watu wajue nimezaa mtoto wa maana, nikaishia kukuchafulia jina kwa waliokulea. Sina la kujitetea.

Njia zikifunguliwa, uje. Ukishuka kwenye basi, usianzie kwangu. Nenda kwa baba yako mdogo, ukae naye, ule kwake. Mimi nitasubiri, hata kama ni siku ya pili.

Mama yako